Gari Lililoshikwa na Babu

Matanga ya Baba yalipokwisha tuligawana vitu vyake. Kaka alichukua koti, mdogo wetu akachukua redio isiyolia, na mimi nikaachiwa kopo la spana, labda kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Ndani mlikuwa na spana tatu zenye kutu, bisibisi isiyo na mpini, na kipande cha mpira mweusi, urefu wa kiganja na nusu, kilichopasuliwa kwa kisu kama samaki wa kuanikwa. Kaka akakitazama. "Takataka hiyo, tupa." Mimi nikakinusa. Walinicheka, mtu mzima mwenye wajukuu kunusa mpira mbele za watu. Lakini harufu ile ya mpira, mafuta na kitu kilichoungua zamani ilinitoa jasho, nikalazimika kukaa.

Wewe wa rika langu huna haja ya kuelezwa tulivyohamia vijijini. Kwetu, upande wa Busawe, kila ukoo ulitoka kwenye mji wake wenye ua wa minyaa na zizi katikati, tukapangwa kwenye mstari, nyumba kwa nyumba, hata jirani akipiga chafya unampa pole ukiwa kitandani kwako. Miji ya zamani ikawa mahame. Mapaa yalichomwa moto ili mtu asipate sababu ya kurudi, na amri ikatolewa kwamba hakuna kurudi: si kulima, si kulala, wala si kuzika. Wafu wote sasa walikuwa wa makaburi ya kijiji, yaliyopimwa kwa kamba nyuma ya shule.

Amri hiyo ya kuzika ndiyo iliyomkwama Bibi kooni. Babu alikuwa amelala kwenye mahame yetu, chini ya rundo la mawe karibu na lango la zizi, na Bibi alimwahidi siku anakata roho kwamba naye atalala ubavuni pake. Hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza tu, kila jioni, baada ya kula, "Nani atanipeleka?" Mama alikusanya vyombo. Baba alijifanya hajasikia. Baba ndiye aliyekuwa dereva wa gari la kijiji, na kwa gari hilo hilo ndiye aliyemhamisha mama yake mzazi, yeye na mafiga yake na kuku wake wanne. Sijawahi kumuuliza siku ile ilikuwaje. Nilimwogopa, na baadaye nilimhurumia, na vyote viwili humziba mtu mdomo.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la turubai nyuma, lililofika kwetu likiwa limeshachoshwa na wengine. Kila Alhamisi lilikwenda mjini Mugumu, na kila Alhamisi Bibi alipelekwa hospitali kutiwa dawa ya macho. Moshi wa jikoni ulikuwa umeyala, yakawa mekundu, yanatoa machozi, na mbele yake aliona vivuli tu. Mimi nilikuwa fimbo yake. Nilikosa shule siku hiyo kwa furaha, nikakaa mbele katikati yake na Baba, miguu yangu ikigusa gia.

Barabara ilipanda taratibu hadi mgongo wa kilima, halafu ikashuka mteremko wa mawe wenye kona nne, halafu tambarare. Hapo kwenye tambarare, mkono wa kulia, ndipo yalipokuwa mahame yetu. Kuta zilikuwa zimeanza kurudi kuwa udongo, lakini fremu ya mlango wa nyumba ya Bibi ilikuwa bado imesimama, na ukipita ungeona kupitia kwake majani upande wa pili, marefu, ya kijani kibichi kupita ya mahali pengine.

Mara ya kwanza ilikuwa karibu na adhuhuri. Tulikuwa tumeshamaliza mteremko gari likaanza kuwa zito. Baba akaongeza mafuta, injini ikanguruma, gari halitaki. Nyuma kukatoka sauti nyembamba, ndefu, ya mtu anayelia amefumba mdomo. Kisha harufu. Kisha tukasimama, na tulisimama mbele ya fremu ile ya mlango hasa, si hatua moja kabla wala moja baada. Wanawake waliokuwa nyuma wakanyamaza wote kwa pamoja. Hata jogoo aliyekuwa amefungwa miguu kapuni alinyamaza.

"Tuko wapi?" Bibi aliuliza, ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua.

"Nyumbani," nikasema.

Akashuka. Alipapasa ubavu wa gari kwa kiganja, kama mtu anavyopita kando ya ng'ombe asiyemjua, mpaka akafika gurudumu la nyuma. Akaliwekea mkono karibu, akaurudisha haraka. Lilikuwa la moto, nami niliiona hewa ikichezacheza juu yake. Bibi hakusafiri bila kibuyu cha uji wa ulezi uliochachuka. Akakifungua, akamimina taratibu katikati ya gurudumu. Likachemka. Likafuka moshi mweupe, likatoa mlio wa "ssss" mrefu, na uji ule wote hatukuuona ukidondoka chini.

"Kunywa, mume wangu," akasema kwa lugha ya kwetu. "Ni mimi. Tunapita tu."

Akanipa mkono nikampeleka kwenye mawe ya Babu. Akakaa. Hakulia, hakuomba. Alizungumza habari za nyumbani, nani kazaa, ng'ombe gani kafa. Barabarani mwanamke mmoja alimsuka mwenzake upande mzima wa kichwa. Kisha Bibi akasimama, akakung'uta nguo, akasema, "Twende, ameniruhusu." Baba akawasha gari, likaondoka jepesi, kana kwamba halijawahi kukataa tangu litengenezwe.

Alhamisi iliyofuata likasimama tena. Na iliyofuata. Palepale. Lakini siku Baba alipokwenda bila Bibi, kubeba mbegu au mwalimu mgeni, gari lilipita mahame bila hata kukohoa. Na kurudi kutoka Mugumu, hata Bibi akiwemo, halikushikwa kamwe. Mtu yeyote mwenye akili angeweza kupanga hayo pamoja, na watu walipanga. "Mzee amemjua mkewe," walisema. Mwanzoni walisema kwa heshima. Wanaume walivua kofia tulipofika pale, na baadhi ya abiria walianza kubeba kibuyu chao, wasije wakaonekana wachoyo.

Mimi nilijua zaidi ya wote, au niliamini hivyo. Nilikaa kando ya Bibi, niliona midomo yake. Kila tulipoanza kushuka mteremko alifumba macho, akaanza kumsalimu Babu kwa jina lake la ujana, jina ambalo hatukuruhusiwa kulitamka, akamsalimu kona ya kwanza hadi ya nne, na tulipofika chini Babu alikuwa ameshafika. Nilichokuwa nategea sikio ni salamu hizo tu. Mengine aliyoyasema mteremkoni niliyasikia pia, lakini yalikuwa maneno ya kila siku ya mtu mzima, na mtoto hayatilii maanani.

Tena nilikuwa na ushahidi. Siku moja, Bibi akiwa kwenye mawe, nilirudi nyuma ya gari peke yangu. Vumbini kulikuwa na mistari miwili, mirefu, iliyochimbwa, ikija kutoka mteremkoni na kuishia chini ya gari. Nilijua mara moja ni nini. Babu aliwahi kumshika fahali mkia, akatia visigino ardhini, akaburutwa hadi fahali akachoka mwenyewe. Hadithi hiyo tulilelewa nayo. Ile ilikuwa mistari ya visigino vyake. Nilikanyaga ndani ya mmoja kwa mguu wangu mtupu, nikaona udongo ni wa moto, na nywele zikanisimama. Sikumwambia mtu. Niliogopa, na humo ndani ya woga nilikuwa na fahari ambayo bado naionea haya.

Fahari ndiyo iliyoniponza. Nyangi, rafiki yangu, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alijisifu bombani kwamba mjomba wake ni askari. Mimi sikuwa na mjomba askari. Nikasema, "Bibi yangu akimwita Babu, Babu anafufuka, anashika gari. Nimeona nyayo." Nyangi akatoa macho. Niliongeza chumvi kidogo, nikamwonyesha Bibi anavyochezesha midomo. Ulimi hauna mfupa.

Msimu huo surua ikaingia kijijini. Mdogo wake Nyangi, mtoto anayetambaa, alizidiwa siku ya Alhamisi. Mama yake akapanda nasi, mtoto amefunikwa khanga, anapumua kwa kukwaruza. Bibi alimpisha akae mbele, lakini mama yule akasema atakaa nyuma apate hewa. Baba aliendesha kwa haraka hadi mgongo wa kilima. Mteremkoni Bibi akaanza kusalimu. Nilimwona, na kwa mara ya kwanza nilitamani kumziba mdomo kwa mkono wangu.

Gari likashikwa. Mama Nyangi akatoka nyuma, akasimama barabarani na mtoto, jua la utosi. "Mwambie aachie," akamwambia Bibi. "Mwambie mumeo aachie, mwanangu anakufa." Bibi alimimina uji, ukamwagika nusu. Akasihi. Hakwenda kwenye mawe siku ile, aliliinamia gurudumu na kulibembeleza kama mtoto. Tulikaa muda ule ule wa siku zote. Tulipofika hospitali wauguzi walimchukua mtoto mbio. Alikufa Jumamosi.

Baada ya msiba, Nyangi aliwaambia wakubwa nilichomwambia bombani. Simlaumu. Alikuwa na umri wangu, na mdogo wake alikuwa ameondoka.

Kijiji hakikumfokea Bibi. Afadhali kingemfokea. Wanawake waliondoa ndoo zao tulipofika bombani. Aliposikia hatua njiani akasema "Habari za asubuhi," hatua zilipita bila kujibu. Macho yake mekundu, ambayo juzi yalikuwa ugonjwa, sasa yalikuwa jambo jingine, na wewe wa rika langu unajua kwetu macho mekundu ya kikongwe husemwa ni ya nani. "Lisemwalo lipo," nilimsikia mzee mmoja akimwambia Baba, na hakumalizia. Asubuhi moja tukakuta mlangoni pa nyumba ndogo ya Bibi kitita cha majani makavu ya kuezekea, kimefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Juu yake kiliwekwa kijiti kimoja cha kiberiti, kizima, hakijawashwa.

Bibi alikipapasa. Akakielewa kwa vidole. "Wamenipa muda," akasema.

Baba alimwingiza mama yake nyumbani kwetu, akamwambia Mama afunge mlango, akachukua funguo za gari. Mimi nililia kiasi kwamba Mama akasema huyu nenda naye. Tukashuka mteremko ule wawili tu, Baba akishikilia gia ya pili, injini ikijizuia yenyewe kwa mngurumo, na tukayapita mahame bila kushikwa. Nilitazama mbele. Sikutaka kuiona ile fremu ya mlango.

Mugumu kulikuwa na fundi mmoja, Mbaraka, mtu wa Pangani, mwenye kofia nyeupe ambayo kwa maajabu haikuwahi kupata doa la mafuta. Kiswahili chake kilikuwa laini mno kwetu, sisi tunaokitupa kama mawe. Baba alimweleza, akikatakata maneno kwa aibu, kwamba gari linashikwa nyuma. Fundi akainua nyuma kwa jeki, akazungusha gurudumu la kulia. Likazunguka. La kushoto likazunguka.

"Ndugu yangu, gari lako zima," akasema.

"Likiwa na mama yangu linashikwa."

Fundi hakucheka. Alijifuta mikono, akachuchumaa, akanitazama mimi. "Binti, na wewe huwa umo?"

Nikaitikia.

"Mkiwa mwashuka huo mteremko, bibi yako afanya nini?"

Nilimtazama Baba. Ilikuwa siri niliyokwisha kuitoa mara moja na ikaua jina la Bibi. Lakini fundi alisubiri bila kunihimiza. "Anamwita Babu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Haya. Na kingine?"

"Anampiga Baba begani."

"Ampigia nini?"

"Anasema kanyaga, mwanangu, kanyaga, utatuua."

Fundi akageuka kumtazama Baba. "Nawe wakanyaga?"

"Ni mama yangu," Baba akasema.

"Mteremko mzima?"

"Mpaka chini. Asiponisikia nikikanyaga analia."

"Basi panda," fundi akasema. "Kanyaga kama mama yako yumo."

Baba akapanda, gari likiwa limeinuliwa vile vile, akakanyaga breki na kuachia, kukanyaga na kuachia, fundi akihesabu kona: ya kwanza, ya pili. Ilipofika ya nne akasema, "Ondoa mguu. Utoe nje, niuone." Baba akautoa mguu nje kabisa, akauning'iniza mlangoni. Fundi akashika gurudumu. Halikwenda. Akalishika kwa mikono miwili, akaegemea kwa uzito wake wote, likakataa. Mchana kweupe, katikati ya watu na mbuzi, hakuna kaburi, hakuna Bibi, na gari lilikuwa limeshikwa. Nilirudi nyuma hadi nikagonga ukuta. Nilidhani Babu ametufuata.

Fundi alilala chini ya gari na spana. Nyuma ya gurudumu akalegeza kiskrubu kidogo, na mafuta yakaruka kama mkojo wa ng'ombe, yakampata begani. Gurudumu likaachia pale pale. "Umeona?" akaniambia mimi, si Baba. "Mafuta ya breki yalikuwa yamefungiwa. Mguu umetoka, yenyewe hayakurudi." Akakaza, akamrudisha Baba kwenye kukanyaga, gurudumu likashikwa tena. Safari hii akafungua bomba mahali pengine, huko mbele, kabla halijaingia kwenye mpira mweusi ulioning'inia katikati ya magurudumu ya nyuma. Yalitoka matone mawili tu. Gurudumu likabaki limeshikwa. Akaguna. Akaufungua ule mpira, akapuliza kwa mdomo upande mmoja akakunja uso, akapuliza upande wa pili na mashavu yakamjaa.

Aliupasua kwa kisu juu ya jiwe. Nje ulikuwa mzima kabisa. Ndani ulikuwa umevimba, na katikati palikuwa na kijinyama cha mpira kilichobanduka, kimelala upande mmoja, kama ulimi mdogo.

"Kwenda, mguu wasukuma kwa nguvu, ulimi walala, mafuta yapita," fundi akasema. "Kurudi hayana wa kuyasukuma, ulimi wainuka, waziba. Ukikanyaga mara moja mbili, taratibu yatajipenyeza. Ukikanyaga mteremko mzima, breki zabaki zimeng'ata. Zaungua, zalia, gari lasimama. Mwakaa, zapoa, mafuta yajirudia kidogo kidogo. Hapo mwaondoka." Akafuta kisu chake. "Na ukimwagia kitu cha baridi, zapoa upesi."

Nikaelewa mistari ya vumbini. Haikuwa ya visigino, ilikuwa ya magurudumu yaliyoburutwa. Ungedhani nilifurahi. Nilijisikia kama mtu aliyeamshwa kwa kupigwa.

Mpira mpya haukupatikana, kama kila kitu siku zile. Fundi aliufungua mmoja kwenye gari lililokufa nyuma ya kibanda chake, akaupuliza pande zote mbili, akaufunga, akatoa hewa kwenye mabomba, Baba akakanyaga kona nne mara tatu. Gurudumu lilizunguka kila mara. Mpira uliopasuliwa Baba akautia mfukoni mwa shati.

Kesho yake Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Mwenyekiti Marwa alikuwa mtu wa kanuni, alikuwa ndiye aliyeshika kamba ya kupima makaburi. Baba akasimama na kipande cha mpira akaeleza, kisha kikapita mkono kwa mkono. Watu walikitazama, wakachungulia ule ulimi, wakakipitisha. Kilipofika kwa Bibi alitia kidole ndani, akakaa nacho kitambo, akakitoa. Mzee yule wa "lisemwalo lipo" akasimama. "Mpira tumeuona, mura, kijana wetu. Umeziba, ni kweli. Sasa tuambie, nani aliyeuziba?"

Baba akakaa chini. Mpaka leo sijui lingekuwa jibu gani.

Mwenyekiti akakata shauri. Alhamisi Bibi atapanda gari, na yeye mwenyewe atapanda, na yule mzee, na Mama Nyangi akitaka. "Dereva atakanyaga breki kama siku zote. Mama atafanya kila alilokuwa akifanya. Gari likipita, maneno yamekwisha kijijini kwangu. Likishikwa…" Naye hakumalizia.

Siku hiyo Bibi alivaa nguo yake nzuri. Alikuwa na kibuyu mapajani, kimejaa. Nyuma, chini ya turubai, walijaa watu kumi na zaidi na hakuna aliyekohoa. Tulipofika mgongo wa kilima nilitaka kumwambia Bibi ni mimi niliyesema bombani. Nikashindwa. Nilimshika tu mkono, na ulikuwa wa baridi.

"Kanyaga, mwanangu," Bibi akasema kona ya kwanza, kwa uaminifu, kwa kuwa aliagizwa. Baba akakanyaga. "Kanyaga." Kisha akafumba macho akaanza kumsalimu Babu kwa jina la ujana, sasa kwa sauti, ili wote wasikie kwamba hafichi. Aliita kona zote nne. Tulipofika tambarare alikuwa bado anaita.

Mahame yakaja mkono wa kulia. Fremu ya mlango ikaja, majani yale ya kijani nyuma yake yakitikisika, na upepo haukuwepo. Gari halikuwa zito. Halikulia. Fremu ikatufikia ubavuni, ikapita, ikabaki nyuma. Chini ya turubai kukalipuka vigelegele, wanaume wakapiga ubao kwa viganja, na nilisikia sauti ya Mama Nyangi ikilia kwa kwikwi, sauti tofauti kabisa na nyingine zote.

Bibi aliacha kuita. Aligeuza shingo kuelekea kule nyuma asikokuona, akakaa hivyo muda mrefu.

"Ameniachia," akasema.

Baba alisikia. Mikono yake ilikaza usukani, akaendelea kuendesha.

Kijiji kilimrudia. Alijibiwa salamu, bombani alipishwa, Mama Nyangi alimletea ulezi kwenye ungo akapiga magoti. Bibi alipokea yote kwa adabu. Lakini hakubeba tena kibuyu, na mteremkoni hakumwambia tena Baba akanyage. Jioni, baada ya kula, hakuuliza nani atampeleka. Nilikuwa nimelichoka swali lile maisha yangu yote, na sasa jioni zilikuwa tupu kiasi kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikilisubiri. Tulimwokoa asichomwe, tukamnyang'anya mumewe. Hayo nayasema sasa. Wakati ule nilijua tu kwamba hali chakula.

Alifia Mugumu hospitalini, mvua za vuli zikianza. Mwenyekiti alikuja na wanaume wa ukoo na mwinjilisti kuchukua maiti, na Baba akaendesha. Nilikaa mbele, nafasi ya Bibi, yeye akiwa nyuma chini ya turubai, amefungwa kwa shuka. Nyuma ya shule kaburi lilikuwa bado kuchimbwa. Lingechimbwa tukifika, kwa jembe na sururu tulizokuwa nazo garini, mahali kamba ilipoonyesha.

Nimeshasema kurudi kutoka Mugumu gari halikuwahi kushikwa. Siku ile, tulipofika mbele ya fremu ya mlango, likasimama.

 Niliisikia mvua ikigonga turubai, na injini bado ikinguruma. Mwili ulinisisimka kama siku ya mistari ya vumbini, na nilingoja harufu. Haikuja. Hapo nikafanya alichonifunza fundi Mbaraka, nikatazama mguu. Mguu wa Baba ulikuwa juu ya breki, umekaza. Alikuwa anatazama mbele, na machozi yanamshuka hadi kidevuni.

Mwenyekiti Marwa akashuka nyuma, akaja dirishani kwa Baba. "Kuna nini, dereva?"

"Limeshikwa," Baba akasema.

Mwenyekiti akachungulia ndani. Aliuona mguu. Najua aliuona, kwa sababu baada ya mguu alinitazama mimi, na mimi nilikuwa nimeuona. Akainua uso, akatazama mahame, rundo la mawe, mvua. Yule mtu aliyeshika kamba alisimama pale mpaka kofia yake ikalowa.

"Gari likiharibika, maiti hawezi kulala barabarani," akasema mwisho, kwa sauti ya kusikika nyuma. "Haya, teremsheni jembe na sururu. Mmoja akimbie kijijini akawaite wengine."

Wanaume wakaanza kuruka chini mmoja mmoja bila kuuliza. Mwenyekiti akainama tena dirishani, akaongea taratibu, asisikike na mwingine.

"Sasa zima injini, mura."